Seyyid Said na ushuru wa tano kwa mia: Mrima wetu leo uko wapi?

Wazee wetu walikuwa na jina moja kwa kile kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi: merikani. Sanda zilikatwa humo, matanga yalishonwa humo, na misafara ya bara ilibeba majora yake kama fedha taslimu. Jina lenyewe linasema kilikotoka. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kikapakiwa bandarini Salem, kikazunguka Afrika yote kwa tanga hadi Unguja, na kutoka hapo kikaenea pwani nzima.

Nyuma ya lile jora palikuwa na mkataba wa biashara, na nyuma ya mkataba palikuwa na mtu. Mtu huyo ni Seyyid Said bin Sultan Al-Busaidy, aliyetawala Oman na Zanzibar kwa miaka hamsini hivi. Ninamkumbusha leo kwa sababu moja. Kila yanapotajwa mambo ya mikataba ya biashara, iwe ya Geneva, ya Brussels au ya Arusha, sisi wa Wasini, Shimoni na Vanga hujiona kama wapita njia. Husema hayo ni ya wakubwa wa Nairobi. Lakini pwani hii ilikuwa ikitia saini mikataba na mataifa makubwa kabla nchi iitwayo Kenya haijakuwako. Tulipata faida, na tukala hasara. Maisha ya mtu huyu yanaonyesha vyote viwili.

Kijana wa Oman

Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, ndani ya Oman. Babu yake, Imam Ahmad bin Said, ndiye mwanzilishi wa utawala wa Mabusaidi. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804, na mtoto akabaki katikati ya jamaa waliokuwa wakiviziana kwa ajili ya kiti. Mjomba wa damu au binamu, wote walikuwa wa kuogopwa. Aliyesimama naye imara alikuwa shangazi yake, Bibi Moza binti Ahmad, mwanamke ambaye historia ya Oman inamkumbuka kwa akili na ujasiri.

Mwaka 1806, akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, Said alimuua Badr bin Saif, jamaa yake aliyekuwa ameshika madaraka, akakalia kiti mwenyewe. Huo ndio mwanzo wake, na hauna haja ya kupambwa.

Nchi aliyoirithi ilikuwa na jua kali, tende, na bandari nzuri ya Maskati. Mashamba yake hayakutosha kulisha hazina. Upande mmoja palikuwa na Mawahabi kutoka bara Arabu, upande mwingine na Waingereza waliokwisha kuishika India na kutaka Ghuba yote iwasikilize. Said aliona mapema kwamba mtawala wa namna yake hawezi kuishi kwa upanga peke yake. Alihitaji forodha. Na forodha iliyokuwa ikinenepa wakati ule ilikuwa huku kwetu, Afrika ya Mashariki.

Mombasa, kisha Gazi

Huku kwetu hakukuwa kutupu. Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui, ambao zamani waliwekwa na Oman kuwa maliwali, kisha wakajitawala. Kusini ya Mombasa, Wavumba walikuwa na diwani wao na siwa yao, na Wasini ulikuwa mmoja wa miji yao, bandari iliyokingwa na upepo, yenye misikiti na makaburi ya masharifu. Lamu nayo ilikuwa na mambo yake, na baada ya vita vya Shela Walamu walimwomba Said awakinge dhidi ya Mazrui.

Said alikwenda taratibu. Aliichukua Pemba kutoka kwa Mazrui mwaka 1823, na Mombasa ikakosa ghala lake la chakula. Mazrui nao wakatafuta kivuli kwa Waingereza. Kapteni Owen akaweka bendera ya Uingereza Mombasa mwaka 1824, lakini serikali yake haikuitaka, na kufikia 1826 bendera ilikuwa imeshushwa. Mwaka 1828 Said alikuja mwenyewe na merikebu zake. Alirudi tena na tena, hadi mwaka 1837 Mazrui walipogawanyika wao kwa wao, naye akaingia Mombasa. Viongozi wao walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Waliosalia walitawanyika, tawi moja likaenda Takaungu na jingine likaja Gazi, hapa kwetu Kwale. Nyumba ya Gazi ina mizizi katika habari hiyo.

Unguja aliifika mara ya kwanza mwaka huo wa 1828. Aliona bandari tulivu, maji matamu, na kisiwa kilichokaa mbele ya mlango wa bara. Karafuu ilikwisha kuletwa kabla yake. Yeye aliwasukuma wenye ardhi waipande kwa wingi, na akaipanda kwenye mashamba yake mwenyewe. Kufikia mwaka 1840 Unguja ilikuwa makao yake makuu, na Maskati ikawa ya kutembelewa.

Mkataba wa Maskati

Mwaka 1828, wakati Said yuko Unguja, alikutana na mfanyabiashara wa Marekani aitwaye Edmund Roberts, kutoka mji wa Portsmouth, New Hampshire. Roberts alikuwa na malalamiko ya kawaida ya mfanyabiashara: ada nyingi, zisizojulikana mwanzo wala mwisho, na maofisa wa bandari waliojiamulia bei. Aliporudi kwao alihimiza serikali yake iandike mkataba na Said. Rais Andrew Jackson akamtuma kama mjumbe, naye akaja na manowari Peacock. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, mkataba ukatiwa saini.

Yaliyomo yalikuwa machache na wazi. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari zake. Bidhaa walizoshusha zilitozwa ushuru wa tano kwa mia, na juu ya hapo hapakuwa na malipo mengine. Bunduki na baruti wasiuze Unguja ila kwa serikali. Waliovunjikiwa chombo wasaidiwe. Na Marekani ikapata haki ya kuweka balozi, ambaye ndiye angeamua ugomvi wa Wamarekani wao kwa wao.

Uingereza haikutaka kuachwa nyuma. Mwaka 1839 nayo ikaandikiana naye mkataba wake, na mwaka 1841 akaja balozi wake, Atkins Hamerton. Ufaransa ikafuata mwaka 1844. Wote walipata ushuru ule ule.

Sasa msomaji atauliza, Said alipata nini kwa kujifunga ushuru mdogo namna hii?

Alipata kujulikana. Mtawala aliyeandikiana na Washington, London na Paris si jumbe wa pwani tena, ni dola. Alipata wingi pia. Merikebu za Salem zilifurika Unguja, na tano kwa mia ya shehena nyingi ni kubwa kuliko kumi kwa mia ya shehena chache. Tena alipata ushindani: Mwingereza akimbana, palikuwa na Mmarekani wa kumuuzia, na Mfaransa wa kumtishia. Mtu mdogo kati ya wakubwa watatu ana nafasi ya kupumua. Mbele ya mkubwa mmoja hana.

Wala hakungoja wageni peke yao waje. Mwaka 1840 alipeleka merikebu yake Sultana hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, ngozi, kahawa na tende, pamoja na farasi na lulu za kumzawadia Rais Martin Van Buren, ambaye kwa sheria za kwao hakuweza kuzifanya mali yake. Watu wa New York walifika gatini kumwangalia nahodha mwenye kilemba. Chombo kilitengenezwa upya na jeshi la majini la Marekani, kikarudi kimejaa bidhaa. Mkataba kwa Said ulikuwa njia ya pande mbili, naye alitaka kuonyesha kwamba njia hiyo yeye pia anaweza kuipita.

Kipande alichokizuia

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Pwani iliyoelekea Unguja, tunayoiita Mrima, ndiyo iliyokuwa mlango wa pembe na sandarusi. Misafara kutoka bara ilitokea Pangani, Saadani na Bagamoyo. Mgeni mwenye merikebu kubwa na mtaji mkubwa angeruhusiwa kununua pale pale ufukweni, Unguja ingebaki kuwa kisiwa cha kupita tu, na mfanyabiashara wa pwani angegeuka kuwa kuli wa kubeba mizigo.

Said aliliona hilo. Katika mkataba wa 1839 na Waingereza iliandikwa waziwazi kwamba pembe na sandarusi, kuanzia bandari ya Tangata, kusini ya Tanga, hadi Kilwa, hazimo katika ruhusa ya biashara huru. Zilibaki chini yake. Wamarekani mkataba wao haukuwa na kizuizi hicho, na balozi wao wa kwanza Unguja, Richard Waters wa Salem, hakufurahishwa. Lakini Said alishikilia, na kwa vitendo Mrima ukabaki wa watu wa hapa. Mgeni aliyetaka pembe alikuja Unguja, akanunua kwa mfanyabiashara wa Unguja, mbele ya forodha ya Unguja.

Tazama basi ujanja wake. Aliufungua mlango wa mbele, akaufunga wa nyuma. Alikubali ushuru mdogo pale ambapo wingi ungemfaa, na akazuia pale ambapo ushindani ungewamaliza watu wake. Hakusaini kila kitu alichowekewa mezani. Leo wataalamu wa biashara wana jina refu la jambo hili. Husema nchi changa zipewe nafasi maalumu, bidhaa nyeti zilindwe, masoko yafunguliwe hatua kwa hatua. Said alikuwa akilifanya hilo zaidi ya miaka mia moja kabla ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, kuanzishwa mwaka 1995.

Nani alibeba mzigo

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika sifa, na sifa peke yake si historia.

Faida ile haikugawika sawa. Ushuru wenyewe hakuukusanya yeye. Forodha ilikodishwa kwa nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kachi, akina Shivji Topan, na Jairam Shivji ndiye aliyekuwa mwenye nguvu zake. Yeye na Waters wa Marekani walielewana kibiashara, na wafanyabiashara wengine wakalia. Aliyelinda mlango na aliyepaswa kuzuiwa mlangoni wakawa washirika. Sheria inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi, ikaharibika mikononi mwa anayeisimamia.

La pili, mgeni alilipa tano kwa mia, lakini pembe za bara zilizoletwa na watu wetu zilitozwa zaidi. Kwa kuwa Said alijifunga asiweze kumtoza mgeni, pengo la hazina lilijazwa na mwenyeji. Jambo hili si geni kwa msomaji wa leo. Mwekezaji husamehewa kodi kwa miaka, na mama anayeuza samaki wa kukaanga hukatiwa risiti ya soko kila asubuhi.

La tatu, miji midogo. Biashara yote ilipovutwa Unguja, bandari kama za Wavumba zikawa tanzu za kulisha mto mkubwa. Jahazi la Wasini lilibeba kupeleka Unguja. Bei iliamuliwa Unguja.

Na la nne ndilo zito kuliko yote. Karafuu haikuchumwa na mkataba. Ilichumwa na watumwa. Pembe zililetwa pwani mabegani mwa watu, wengine kwa ujira, wengine shingoni mwao mna minyororo. Katika makubaliano ya 1822 na yale ya 1845, Waingereza walimbana Said apunguze usafirishaji wa watumwa, kwanza kwa mataifa ya Kikristo, kisha kutoka Afrika kwenda Arabuni. Alikubali kwa shingo upande, kwa sababu hazina yake na mashamba yake yalisimama juu ya watu hao. Anayeteremka mapango ya Shimoni, ng'ambo tu ya Wasini, husimuliwa habari zao. Mikataba ya biashara ilihesabu frasila za pembe na majora ya merikani. Waliobebeshwa hawakuhesabiwa kama watu wenye haki ndani yake. Sisi Waislamu wa pwani hatuna sababu ya kulinyamazia hilo kwa kuwa mtawala alikuwa wa dini yetu. Haki ni haki, na dhuluma ni dhuluma, hata ikiwa aliyeifanya alikuwa akiswali.

Lipo na jingine dogo. Mali yetu ilitoka ikiwa ghafi. Sandarusi ilikwenda Salem, ikasafishwa huko, ikawa vanishi. Pembe zilikwenda Connecticut, zikawa vitana na vibonyezo vya piano. Karafuu nayo, kwa kupandwa na kila mtu, ilishuka bei vibaya katika miaka ya 1840. Mkataba ulifungua njia ya kuuza, lakini haukujenga kiwanda hata kimoja Unguja.

Warithi na fundo alilolifunga

Seyyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa katika merikebu yake Victoria akirudi Unguja kutoka Maskati. Mwanawe Barghash, aliyekuwa chomboni naye, ndiye aliyeuleta mwili ukazikwa Unguja. Dola ikagombewa na wanawe. Mwaka 1861 Waingereza walikata shauri: Thuwaini abaki na Oman, Majid abaki na Zanzibar, na Majid alipe riale elfu arobaini kila mwaka kwa nduguye. Dola iliyojengwa juu ya njia ya bahari ilikatwa vipande viwili, na msumeno ulikuwa mikononi mwa mgeni.

Hapo ndipo mikataba ilipogeuka. Ile tano kwa mia, iliyokuwa chambo cha mvuvi hodari, ikawa ndoana kooni mwa warithi. Majid alipoandikiana na miji ya Kijerumani ya Hanse mwaka 1859, ushuru ulikuwa huo huo. Barghash alipoingia mwaka 1870 alikuta hawezi kuupandisha kwa kutaka kwake, kwa maana kila taifa lilishika karatasi yake. Balozi aliyekubaliwa ili aamue ugomvi wa watu wake, sasa aliamua mambo ya nchi. Wahindi wa Unguja, waliokuwa nguzo ya forodha, walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na balozi Rigby akatumia hoja hiyo kuwaachisha watumwa wao bila kumwomba Sultani ruhusa. Kuachwa huru kwa watu wale ni jambo la heri. Lakini kwa upande wa utawala, lilionyesha nani sasa alikuwa mwenye neno.

Mwisho wake tunaujua sisi wa Wasini kuliko mtu yeyote. Mwaka 1886 Waingereza, Wajerumani na Wafaransa walipima wao wenyewe ardhi ya Sultani ni ipi, na Sultani hakuwa na kiti katika tume hiyo. Wakampa utepe wa maili kumi wa pwani. Kisha Mwingereza na Mjerumani wakagawana bara kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukapanda hadi ziwa la Victoria. Mvumba wa Vanga na Mvumba wa Jasini, wenye lahaja moja na makaburi mamoja, wakawa watu wa nchi mbili. Mwaka uliofuata Barghash aliwakodishia Waingereza usimamizi wa pwani hii pamoja na forodha zake. Kile ambacho babu zao walikilinda kwa kalamu kikaondoka kwa kalamu.

Kosa halikuwa kusaini. Kosa lilikuwa kusaini bila kuacha mlango wa kurudi mezani. Mkataba ulioandikwa siku ya nguvu haukuwa na neno lolote kuhusu siku ya udhaifu.

Je, sheria za leo zinatufaa?

Kuna wanaosema sheria za biashara za dunia ziliwekwa kuwanyonya maskini, basi. Kuna wanaosema tufungue tu, neema itakuja yenyewe. Maisha ya Seyyid Said yanawakatalia wote wawili.

Bila sheria, mdogo huumia zaidi. Pasipo mkataba, mwenye manowari ndiye mwenye bei. Katika WTO, nchi ndogo angalau ina kiti na sauti. Nairobi mwaka 2015, mawaziri wa dunia walikubaliana kuondoa ruzuku za kuuza nje mazao ya kilimo, ruzuku ambazo kwa miaka mingi ziliwawezesha matajiri kumwaga mazao ya bei chee katika masoko ya maskini. Juni 2022 wakakubaliana juu ya ruzuku za uvuvi, na mkataba huo ukaanza kufanya kazi Septemba 2025. Unakataza serikali kuzilipia meli zinazovua kwa wizi, au zinazovua samaki waliokwisha kupungua. Mvuvi wa Wasini anayetoka na mashua yake usiku ana haki ya kuujua mkataba huo kuliko waziri, kwa sababu meli kubwa zinazokomba bahari ya Hindi zinamkombea yeye. Lakini ajue pia kwamba ruzuku zinazozidisha ukubwa wa meli na kufanya wavuvi kuwa wengi kuliko samaki, zile zenye pesa nyingi, ziliachwa nje kwa mazungumzo ya baadaye.

Desemba 2023 Kenya ilitia saini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru. Zao zitafunguliwa hapa hatua kwa hatua, kwa muda wa hadi miaka 25, na baadhi ya bidhaa zimebaki nje kabisa. Hizo zilizobaki nje ndizo Mrima wetu wa leo. Nani kati yetu anaijua orodha yake? Ni nani aliyeulizwa hapa Kwale wakati inaandikwa?

Tena iko tofauti kati ya mkataba na hisani. Marekani imekuwa ikitufungulia soko lake kwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Hiyo ni sheria yao, hutungwa na kukatwa na bunge lao. Mkataba wa 1833, pamoja na kasoro zake, ulikuwa na saini mbili.

Na kabla ya Ulaya na Marekani, kuna jirani. Sheria za Afrika Mashariki zinampa mfanyabiashara mdogo njia nyepesi: bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa hati rahisi ya asili ya bidhaa. Ule mstari wa 1886 umelainishwa kwenye karatasi. Mtu wa Vanga anayevusha vitu kwa njia za panya wakati haki yake imelala Lunga Lunga, anapoteza kitu ambacho babu zake walinyang'anywa na wajukuu wamerudishiwa.

Tazameni pia mwani. Kina mama wa Mkwiro na Kibuyuni huingia baharini maji yakitoka, hufunga mbegu kambani, huvuna, hukausha, huuza. Sehemu kubwa huondoka ikiwa mikavu na ghafi, kama sandarusi ilivyoondoka. Huko iendako husagwa, hutolewa ute wake, huingia kwenye vyakula, dawa za meno na vipodozi, kisha hurudi madukani kwetu kwa bei nyingine. Kibuyuni wameanza kutengeneza sabuni na mafuta yao wenyewe, na hilo ni jambo la kuungwa mkono kwa vitendo. Hakuna mkataba wa dunia utakaotujengea kiwanda. Mkataba mzuri unaweza tu kutuachia nafasi ya kukijenga, na mbaya unaweza kutunyima nafasi hiyo.

Basi tuwaulize wanaotuwakilisha, wa Kwale na wa Nairobi, maswali matatu yanayotokana na maisha ya mtu huyu. Tumefungua nini, na kwa wingi upi? Tumezuia nini, kwa faida ya nani? Na siku hali ikibadilika, mlango wa kurudi mezani uko wapi? Swali la kwanza Said alilijibu vizuri. La pili alilijibu nusu, maana alimlinda mfanyabiashara akamsahau mbebaji. La tatu hakulijibu kabisa, na jibu lake likaja kuandikwa na wengine mdomoni mwa mto Umba.

Mwenyezi Mungu amrehemu kwa mema yake na amsamehe mabaya yake, na awarehemu wale ambao majina yao hayakuandikwa katika mkataba wowote.